Punje Tatu Mfukoni mwa Saidi

Habari ya kifo cha Mama Mwamini, aliyenipa kazi yangu ya kwanza, ilinikuta Kasongo, nimelala chini ya gari la mteja. Mwendesha pikipiki aliyetoka Wamaza aliinama, akanitazama uso wake ukiwa juu chini, akasema kwamba Mama alishazikwa kulekule Wamaza alikohamia uzeeni, arobaini yake ni juma lijalo, na kwamba mzee Saidi, dereva wake wa zamani, ameapa nisipofika atakuja mwenyewe kunichukua, hata kama miguu yake haimtaki tena. Nilitoka chini ya gari, nikanawa mikono, nikarudi chini, nikatoka tena. Siku ile sikumaliza kazi yoyote niliyoianza. Mimi si mtu wa namna hiyo. Nimekaa Lubumbashi zaidi ya miaka ishirini, nimefungua gereji mbili bila kusaidiwa na mtu, nimefundisha mafundi ambao leo wana gereji zao, na niliporudi Kasongo kiangazi kilichopita, kitu cha kwanza nilichotundika ukutani, kabla hata ya mlango kupata kufuli, kilikuwa diploma yangu, ndani ya kioo, juu ya meza ambapo wateja huacha funguo zao. Kompresa ya kwanza ya mkanda iliyopanda milima ya Kabambare niliichagua mimi na kuifunga mimi. Hadithi hiyo nimewasimulia mafundi wangu mara nyingi kiasi kwamba walikuwa wanaimalizia mdomoni mwangu. Jambo moja tu hawakulijua: kila mara niliianzia katikati.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimerudi kutoka masomoni Lubumbashi, na diploma ilikuwa bado imekunjwa ndani ya bahasha. Mama Mwamini alikuwa na duka karibu na soko la Kasongo, mjane, mfanyabiashara wa mchele na mawese, na alikuwa na gari moja, pikapu ndefu ya benzini iliyoongezwa bodi ya mbao, ambayo kila juma ilikwenda Wamaza na chumvi, sabuni na vitenge, na kurudi na mchele na watu. Alinipa chumba nyuma ya duka. Kilikuwa na kitanda, dirisha lisilofunguka, na magunia ya chumvi na katoni za sabuni hadi kwenye dari, na nguo zangu zote zilinuka sabuni, na mpaka leo nikisikia harufu ile shingo inaniwasha. Sikuweza kukaa mle ndani. Asubuhi kabla ya adhana nilikuwa nimeshazunguka gari mara tatu, nimefungua boneti, nimeifunga. Mama alinikuta hivyo kila siku, akaniletea chai ya tangawizi na mikate ya mchele, akanywa yake amesimama. Alikula amesimama pia, hata wali na samaki wa Nyangwe, sahani juu ya pipa la mawese, kwa sababu nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeharibika na kuinuka kutoka kwenye mkeka kulimchukua muda ambao hakutaka watu wauone.

Nyonga ile ndiyo iliyoniletea kazi. Njiani kutoka Wamaza kuna mlima ambao watu wanauita Magoti. Gari likifika chini yake na mzigo wa mchele, abiria wote wanashuka, kila mmoja anachukua mzigo wake mdogo kichwani, wanaume wanabaki nyuma na magogo ya kukingia magurudumu, na gari linapanda tupu au nusu tupu, likisimama, likinguruma, likisimama. Kila barabara ya kule ina mlima kama huo. Lakini kwenye Magoti kulikuwa na sheria, na sheria ile haikuandikwa popote: wa kwanza kushuka ni mwenye gari. Mwenye gari akibaki amekaa, hakuna atakayeshuka, wala hakuna atakayesukuma, na juma linalofuata watampa mchele wao mtu mwingine. Marehemu mume wa Mama alishuka wa kwanza miaka yote, na baada yake Mama akashuka wa kwanza, mpaka nyonga ilipokataa. Kuna waliomwambia abebwe kwa tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani. Akawauliza kama wamewahi kuona mfanyabiashara akiletwa sokoni kama maiti. Naye shemeji yake, Asani, mdogo wa mumewe, aliyekaa Wamaza na kupokea mizigo huko, alikuwa ameshasema mbele ya watu: siku Mama asipoweza kupanda Magoti kwa miguu, ufunguo wa gari na biashara ya Wamaza vitapita kwake, yeye Mama akae dukani auze sabuni.

“Nataka kitu moja,” Mama aliniambia asubuhi ya kwanza. “Motokari ipande na watu yote ndani. Hakuna wa kushuka. Kama hakuna wa kushuka, hata miye sitashuka wa kwanza. Unaweza?”

Nikamwambia naweza. Sikumwambia nitaangalia kwanza, wala nitafikiri. Nikamweleza kwamba injini inakula hewa kama inavyokula benzini, na kwamba mlimani inakosa pumzi. Tukiifungia kompresa inayozungushwa na mkanda kutoka mbele ya injini yenyewe, itasukumiwa hewa kwa nguvu, na benzini zaidi itaungua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, “Njo kusema kuipigia muvukuto, sawa moto ya muhunzi?” Nikasema ndiyo, lakini ni jambo la kisayansi zaidi.

Dereva wake alikuwa Saidi, mtu wa Wamaza, mrefu, mwenye mikono iliyotulia kuliko mikono yoyote niliyopata kuiona kwenye usukani. Hakujua kusoma wala kuandika. Safari ya kwanza niliyopanda naye, aliweka punje za mahindi juu ya dashibodi, na mara mojamoja, katikati ya njia, alichukua punje moja akaitia mfuko wa shati. Nilidhani ni dawa. Tulipofika Kasongo alizitoa akanionyesha kiganjani. Zilikuwa tatu. “Kila nikiingiza gia ya tatu, natiyaka punje moja. Toka Wamaza mpaka hapa, tatu. Kiangazi zinafikaka tano. Masika nilishakuja na mufuko mutupu.” Nikamuuliza zinasaidia nini. “Zinanikumbusha kama hii motokari haikimbiyaka. Inatembeyaka.” Nikacheka, si kwa ubaya. Nilicheka kama mtu anayemwona mzee akipima kitambaa kwa mkono wakati mita ipo mfukoni mwake.

Muuza vipuri vilivyotumika aliyekuja na bidhaa kutoka Uvira alileta kompresa mbili, akaziweka juu ya mkeka dukani kwa Mama, kati ya ndoo za mawese. Moja ilikuwa sanduku zito la chuma, kuukuu, lenye kutu pembeni. Ndani yake mapanga mawili manene yanazunguka yakipishana, yanachota hewa na kuitupa ndani ya injini, kiasi kilekile kila mzunguko, injini iwe inakimbia au inajikokota. Ubaya wake ni kwamba inapasha hewa moto na inaila injini nguvu kidogo. Ya pili ilikuwa na umbo la konokono, ya alumini, nyepesi, inang'aa. Ndani yake feni moja ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa. Hewa yake ni baridi zaidi, hasara yake ni ndogo, na katika karatasi ya muuzaji mstari wake wa nguvu ulipanda juu kupita mstari wa lile sanduku. Ipo pia aina ya tatu, ya skrubu mbili, nzuri kuliko zote, lakini hiyo hata Lubumbashi niliiona kitabuni tu. Turbo sikuitaka, kwa sababu inaendeshwa na moshi wa injini na inahitaji oili safi, na oili safi Kasongo ni jambo la bahati.

Saidi alichuchumaa, akazungusha mapanga ya lile sanduku kwa kidole. “Hii inasukuma hata nikizungusha polepole,” akasema. “Sikia upepo.” Kisha akaizungusha feni ya konokono. “Hii hapana. Hii inangojea ukimbie.”

“Yaya Saidi,” nikamwambia, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, “huo mstari unauona?”

“Nauona. Mulima nauona pia.”

“Mstari huu umechorwa na watu waliosoma.”

“Sawa. Weye ulisoma. Mulima haikusoma.” Mama akacheka, na mimi nikachukua konokono.

Nataka kulisema hili wazi, kwa sababu miaka yote nimelizunguka. Sikukosea kwa kutojua. Msukumo wa konokono unafuata mzunguko wake kwa kipeo cha pili: ukizidisha kasi mara mbili, msukumo unapanda mara nne, ukiipunguza nusu, unabaki robo. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wangu wa mwisho na nilipata alama zote. Na katika gia ya kwanza, juu ya mawe na tope, mguu wa dereva haukandamizi, kwa kuwa akikandamiza magurudumu yanachimba. Injini inabaki chini kabisa, pale kwenye robo. Yote mawili niliyajua, moja kutoka darasani, jingine kutoka kwenye punje za Saidi, lakini sikuyakutanisha. Konokono ilikuwa inang'aa, na mimi nilikuwa kijana niliyerudi nyumbani, nataka watu wasikie nimerudi.

Na walisikia. Nilipoifunga na kulipeleka gari kwenye barabara iliyonyooka inayotoka sokoni, ilipiga mluzi mwembamba uliopanda kadiri gari lilivyoshika kasi, na wenye baiskeli wakaruka pembeni wakishangilia. Watu wa pikipiki walinifuata hadi dukani. Kwa juma zima nilitafuta sababu za kupita sokoni. Usiku nilisikia kupitia magunia ya chumvi Mama akimuuliza Saidi uani, “Mutoto anajua?” Saidi akajibu, “Anajua sana, Mama. Lakini anajua barabara ya lami.” Nikageukia ukutani. Kesho yake nikaisugua konokono kwa majivu ili ing'ae zaidi.

Tulitoka Wamaza asubuhi, gari limejaa mchele, abiria kumi na wanne juu ya magunia, na Asani katikati yao, amekuja kuona. Mama alikaa mbele, kati ya Saidi na mimi, na kitenge kipya. Chini ya Magoti watu walianza kusimama kwa mazoea, na mimi nikatoa kichwa dirishani nikawaambia wakae, leo hakuna wa kushuka. Mmoja akasema, “Enjenia, tukirudi nyuma utatusukuma?” Wakacheka. Saidi akaingiza gia ya kwanza. Nilikuwa nasubiri mluzi. Tulipita jiwe la kwanza, tukapita kona nyembamba pale mifereji inapokutana, na mluzi haukuja. Injini ikazidi kushuka, sauti yake ikawa nzito kama ya mtu anayeongea akiwa amebeba. Nikamwambia Saidi kandamiza. Akakandamiza, gurudumu la nyuma likazunguka bure, likatupa tope, mluzi ukalia mara moja, mfupi, gari likateleza nyuma hadi kwenye gogo lililoachwa njiani na waliotutangulia. Kisha injini ikazima. Katika kimya kile nilisikia mchele ukimiminika kutoka gunia lililopasuka.

Hakuna aliyeshuka. Kumi na wanne walikaa juu ya magunia, macho yao kwenye mlango wa mbele. Mama alinisubiri nisogee. Nilikuwa upande wa mlango, na ilinibidi nishuke ili yeye ashuke. Akatelemka kwa mkono wa Saidi, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaanza kupanda. Ndipo wengine wakashuka, kila mmoja na mzigo wake, wakamfuata nyuma, hakuna aliyempita. Alitembea akisimama kila baada ya hatua chache, mkono kwenye nyonga, na mstari wote ukasimama naye. Mimi nilifungua boneti nikaingiza kichwa ndani. Hakukuwa na kitu cha kutengeneza. Nilikaza skrubu zilizokaza, nikashika mkanda uliokuwa sawa, na nilibaki hivyo mpaka sauti za watu zikapotea juu. Jua lilikuwa limeshavuka katikati tulipolifikisha gari kileleni na Saidi, tupu, magunia yakibebwa na wanaume waliorudi chini, na nilipofika Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, uso wake wa rangi ya jivu, anakula karanga. Asani alikuwa mbali kidogo, mikono nyuma. Yaliyosemwa pale kabla yangu sikuyasikia. Mama alinimegea karanga kiganjani, akasema, “Kula. Na ufikiri.” Hakuongeza neno mpaka Kasongo. Ufunguo ulibaki kwake, na mimi kwa ujinga wa ujana sikujiuliza kwa nini.

Sikulala juma lile. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya kwanza: nikafunga kipimo cha mizunguko mbele ya Saidi, nikapanda naye kwenda na kurudi, mara tatu, na daftari magotini, nikiandika kila mlima, kila daraja la miti, injini inazunguka kiasi gani. Kurasa zikajaa. Niliporudi mara ya tatu nilijumlisha yote mezani kwa Mama, na jibu lilikuwa lilelile lililokuwa mfukoni mwa Saidi. Nilimwambia Saidi hivyo. “Basi andika kwa daftari yako,” akasema, “kama punje njo zilikusaidia.” Nikaandika. Daftari lile ninalo.

Nikaifungua konokono, nikaifunga mgongoni kwa kamba, nikapanda pikipiki ya mtu mpaka Kabambare, na kutoka hapo siku nyingi nyingine, pikipiki moja hadi nyingine, mpaka Uvira, nikimfuata muuza vipuri. Nilimkuta. Sanduku lenye kutu lilikuwa bado lipo, hakuna aliyelitaka. Alishangaa nataka kubadilisha kizuri kwa kibaya. Barabara ya Uvira ni ya lami, dereva mmoja wa teksi aliichukua konokono mbele ya macho yangu akicheka kwa furaha, na nina hakika ilimfaa. Hiyo ndiyo kompresa: haina nzuri wala mbaya, ina barabara yake. Nilirudi na lile sanduku likinichubua mgongo mpaka damu, na hiyo ndiyo sehemu niliyozoea kuanzia hadithi. Nililifunga kwa puli inayolizungusha taratibu, kwa sababu benzini ya chupa za Kasongo ni dhaifu na hewa ikizidi injini inaanza kugonga. Nikarudisha cheche za plagi nyuma kidogo, ziwake kwa kuchelewa. Nikamwambia Mama magunia matano yatangulie kwa baiskeli. Safari hii nilisema “tutaona”.

Chini ya Magoti hakuna aliyeambiwa akae. Saidi aliingiza gia ya kwanza, na lile sanduku likanung'unika, sauti ya kinu cha kusagia mihogo. Gari likapanda. Halikupanda kwa kasi. Mtu wa miguu angetuacha. Lilipita kona ya mifereji, lilipita mahali ambapo punje za mpunga zilizokuwa katika mchele ule zilikuwa zimeshaota majani membamba kati ya mawe, na watu wote walikuwa juu ya magunia, kimya kabisa, wameshika mbao. Kileleni hakuna aliyeshangilia. Hakukuwa na kitu cha kushangilia. Gari lilikuwa linatembea na liliendelea kutembea. Mama alikaa ametazama mbele, mikono yake miwili mapajani. Tulipoanza kuteremka alisema tu, “Saidi, simamisha nikojoe,” na Saidi akacheka mpaka akapiga honi.

Mwaka ulipoisha nilirudi Lubumbashi kutafuta makubwa, na niliyapata. Sikurudi Wamaza tena mpaka arobaini hii.

Walinipokea kama waziri. Baada ya hitima, uani, juu ya mikeka, tukila pilau ya mbuzi, Asani, mzee sasa, jino moja mbele, aliwaambia wageni kwamba mimi ndiye Enjenia wa Magoti. Akasimulia. Kwamba gari la Mama lilikuwa la kwanza kupanda na watu ndani. Kwamba hata siku ile ya kwanza, lingepanda. Lakini Mama mwenyewe alimwamuru Saidi azime. “Alituambia pale juu, kwa jiwe: Enjenia alinikataza kushuka, miye nilikatala. Nilitaka kutembeya Magoti mara ya mwisho na miguu yangu, musije mukasema nilishindwa. Njo vile alisema.” Watu wakatikisa vichwa. Saidi, pembeni yangu, alikuwa anachambua nyama kwenye mfupa na hakuniangalia.

Nilikuwa na hadithi nzuri kuliko yangu, nimepewa bure, na aliyeitunga amezikwa. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kumeza. Nikasimama. Nikasema kwamba Mama hakumwamuru Saidi azime, injini ilizima yenyewe. Nikasema nilichagua kompresa mbaya kwa sababu ilikuwa inang'aa, Saidi alinionya mbele ya Mama, na kwamba Mama alipanda Magoti na nyonga ile kwa sababu yangu, wakati mimi nilikuwa nimeficha kichwa ndani ya boneti. Nikakaa.

Asani alinawa vidole vyake kwenye bakuli, kimoja kimoja.

“Enjenia,” akasema, “tulikuwa nyuma yake. Watu kumi na wane. Tulisikia vile motere ilikufa.” Akajifuta mkono kwenye kanzu. “Miye nilikuja pale kuchukua ufunguo. Alifika juu, hana pumzi, akasema ile maneno, akaniangalia. Weye ungesema nini? Tukasema ndiyo. Tangu ile siku tunasemaka ndiyo.” Kisha akanisogezea sahani. “Sasa kula, inapowa.”

Kesho yake mapema niliondoka kwa pikipiki mpya, yenye nguvu, na dereva kijana aliyeisifia njia nzima. Chini ya Magoti nilimgusa bega nikamwambia asimame. Nikashuka.

“Mukubwa, hii moto inapanda na watu wawili bila shida,” akasema, ameudhika kidogo, akiigonga pikipiki yake tangi.

“Najua inapanda,” nikamwambia, nikaanza kutembea.